Klachi Haiachii

Gari la Mwalimu Gichuki sikulipenda tangu siku lilipoingia mtaani kwetu, Galbet. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, la mashindano ya zamani, tena limelala chini hivi kwamba mbuzi angeweza kumchungulia dereva usoni. Marehemu baba yake alilikimbiza vumbini enzi za ujana wake. Mwana naye, alipohamishwa tu kutoka Nyeri, akaja nalo huku kwenye mchanga wetu.

Mimi ni Khadijo. Nauza chai mlangoni mwa gereji ya mume wangu, Olow, kwa hiyo magonjwa ya magari nayajua kuliko ya watu. Gari la mwalimu lilikuwa na mawili. Likiachwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, injini ilishuka mpaka ikatetemeka, kisha ikapanda yenyewe na kunguruma, kama kwamba ndani kuna mtu mwingine anayeikanyaga. Halafu klachi. Hata uikanyage mpaka chini, gia iliingia kwa kusaga meno na gari likataka kuondoka.

Mara ya kwanza mwalimu kuja, mlango wake ulikwama. Olow akamwambia, "Mwalimu, futa mlango."

Mwalimu akatoa leso safi mfukoni, akaupangusa mlango kwa adabu zote. Wallahi, tulicheka mpaka chai yangu ikamwagika. Olow alitaka auvute, lakini kwetu Wasomali ile herufi ya v haitoki, tunaipitisha kwenye f. Mimi naiweza kwa sababu Mwalimu Mwende, aliyenifundisha shule ya msingi, alitulazimisha kuuma mdomo wa chini mpaka itoke. Olow akanyoosha mkono, akaufungua mlango mwenyewe, na mwalimu akacheka pamoja nasi akidhani tunaicheka leso. Hakuna aliyemweleza.

Siku ya Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri, Olow akaanza kazi. Alishika kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha polepole kando ya kabureta.

"Hewa naingia hapa," akasema. "Ndio sababu injini nabanda, nashuka. Na klachi haiachii. Bedali nashuka, lakini ndani bado nashika."

"Ni hatari, mzee?" mwalimu akauliza.

"Gari haina hatari. Mtu ndio hatari."

Neno lile halikunipendeza hata kidogo. Juu ya ukuta korongo wa jaani walikuwa wametua, wale wenye vichwa vya upara, nikawatupia jiwe. Waliinua mbawa, wakatua palepale.

"Aabbe Iftin," nikamwita mume wangu kwa jina la binti yetu, "toka mbele ya gari hiyo."

"Wewe angalia chai yako. Nataka kuona injini nafanya nini klachi ikikanyagwa."

Alisimama kati ya bampa na ukuta wa matofali, ameinamia boneti iliyo wazi. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mtu mwembamba. Mwalimu alikuwa kwenye usukani, amebana kitako kwa woga, handibreki ameivuta nusu.

"Kanyaga klachi! Weka gia moja! Usiachie klachi!"

Gia ikasaga, ikaingia. Gari likajongea kidogo, kiasi cha upana wa kiganja. Nililiona. Olow naye aliliona. Injini ilikuwa imeanza kupanda tena, kelele zimejaa gereji nzima, akapaza sauti:

"Futa breki! Mwalimu, futa breki!"

Kwa mwalimu, kufuta ni kuondoa. Ndiyo kazi yake ubaoni kila siku. Nilimwona akiinama kushoto, mtiifu kabisa, akaiachia breki.

Nilipiga kelele, lakini kwa Kisomali. Gari liliruka, likagonga, likazima.

Wanaume walikuja mbio wakalisukuma nyuma. Halikusogea. Gia ilikuwa imeng'ang'ania ndani, na mwalimu alikuwa bado ameikanyaga klachi kwa miguu yote miwili, analia, na gari limemshika mume wangu halimwachii. Ilibidi walinyanyue kwa mikono. Alikuwa ananitazama walipoanza kulinyanyua. Walipolitua hakuwa ananitazama tena.

Tulimzika kabla ya Magharibi.

Kesho yake mwalimu alikuja nyumbani kutoa pole, na furushi la sukari mkononi. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mkeka. Abdihafid, kaka yake Olow, aliinuka.

"Sema mbele ya watu. Kwa nini uliachia breki?"

"Aliniambia futa," mwalimu akasema.

"Ndio! Alisema futa! Gereji yote ilisikia, alisema futa! Sasa kwa nini wewe uliachia?"

"Kwa sababu alisema futa!"

Wengine wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Walitazamana na mwalimu, kila upande umeshika neno lilelile, kila upande unamwona mwenzake mwongo au muuaji. Mimi mjane sikutakiwa kusema kitu. Nilitoka ndani, nikasimama mbele ya mwalimu, nikauma mdomo wa chini kama nilivyofundishwa.

"Vuta," nikamwambia. "Alisema vuta."

Furushi la sukari likamponyoka. Akautazama mkono wake wa kushoto.