Swichi ya Maame Pokuaa

Agyenim aliigusa swichi ya kioo kwa ncha ya kidole, taa ya mfano juu ya kaunta ikageuka zambarau, naye akacheka kama mtoto aliyepewa puto. Dada yake Serwaa, aliyekuwa ameketi kwenye stuli nyuma yake, akatazama pembeni. Mama yao, Maame Pokuaa, alikuwa kwenye jokofu la mochwari tangu mwezi uliopita, na hapa kwenye duka la taa, mtaani Adum, watu wazima walikuwa wakibishana kama ukingo wa swichi uwe wa dhahabu au wa fedha.

Serwaa hakuwa na ugomvi na desturi. Kumasi yote inajua kwamba marehemu hatoki kwenye baridi mpaka nyumba atakayolazwa iwe tayari kupokea watu: rangi mpya, mapazia, choo kinachovuta maji. Mapazia alikuwa ameyashona yeye mwenyewe. Lakini kuna kutengeneza nyumba na kuna kujionyesha, na kaka yake, tangu aliposhuka kutoka Hamburg na masanduku yake, alikuwa hajishughulishi na kingine ila hicho cha pili.

"Hii ya kioo, mheshimiwa, ndiyo ya watu wa hadhi yako," alisema Desmond, muuzaji, meno yote nje. "Mgeni akiingia tu anajua hapa kuna mtu. Na ukitaka, taa unaziwasha hata kwa simu yako."

"Umesikia, Serwaa? Hapa kuna mtu."

"Kuna maiti," alisema Serwaa.

Agyenim akajifanya hakusikia. Akamweleza Desmond kwamba nyumba ni ya zamani, babu yao aliijenga kwa udongo, na fundi yeyote akijaribu kuchimba ukuta ili apitishe waya, ukuta utammwagikia miguuni.

"Nani achimbe, bosi?" Desmond akachukua swichi nyingine, nyeupe, ya kawaida, yenye kitufe kipana. "Hizi hazina waya. Kipokezi kinakaa huko juu kwenye taa. Swichi yenyewe unaibandika popote, hata kando ya mto unapolala. Tena hii haitaki hata betri. Nguvu ya kidole chako ndiyo inayopeleka habari."

Akachuna karatasi ya gundi, akaibandika ubavuni mwa kabati, akabonyeza. Tak. Taa ikawaka.

"Zimeingia lini hizi?" Serwaa aliuliza.

"Za zamani hizo, sista. Watu wanazidharau kwa sababu hazing'ai. Zinakaa tu hapo zikila vumbi."

Serwaa akakibonyeza kile kitufe mwenyewe. Mama yake alikuwa ameomba kitu kimoja tu katika uzee wake: swichi karibu na kitanda. Hakuomba nyumba mpya wala safari ya Ulaya. Swichi ya chumba chake ilikuwa mlangoni, ng'ambo ya chumba, na macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia. Kila Agyenim alipopiga simu, mama alimkumbusha, na kila mara alijibiwa vilevile: ukuta ni wa udongo, Maame, utabomoka, ngoja nije nikujengee mpya. Serwaa alimnunulia tochi, ikawa inabingirika chini ya kitanda. Usiku mmoja mama aliamka kwenda kuwasha taa, akajikwaa, akaanguka, nyonga ikavunjika, na hospitali hakutoka mzima. Kwenye mabango ya msiba Agyenim aliandikisha kwamba mama amepumzika kwa amani baada ya kuugua kwa muda mfupi.

"Tuchukue moja ya hizo nyeupe," Serwaa alisema. "Tuibandike kitandani kwa mama."

Agyenim akageuka, akamtazama kama mtu anayeombwa pesa barabarani. "Kitandani kwa nani? Chumba kile tunaweka makreti ya soda. Hakuna mgeni atakayeingia mle."

"Ni chumba chake."

"Dada yangu, usilete mambo ya huzuni hapa. Tunanunua vitu vya sebuleni."

Ilimtia kinyaa, si maneno tu, bali na ule mdomo wenyewe ulioyasema, ukinukia marashi na peremende. Desmond, ambaye hakutaka biashara iharibike, akacheka kidogo na kuitia ile nyeupe kwenye mfuko. "Hii nyongeza yangu, mheshimiwa. Nimeshaiunganisha na taa zile zile za sebuleni, ikusaidie kama akiba."

"Kwangu haibandikwi takataka hiyo," alisema Agyenim. Walipofika nyumbani aliitupa kwenye droo, na Serwaa akaitoa.

Alfajiri ya msiba, Maame Pokuaa alilazwa sebuleni kwenye kitanda cha shaba, amevishwa kitambaa cha kente na dhahabu za ukoo. Taa za zambarau zilimmulika kutoka pembe zote, zikimfanya uso uwe wa rangi ya biringanya. Waombolezaji walipita wakilia, na Agyenim alisimama mlangoni akiwaonyesha wenzake wa Ulaya jinsi swichi inavyoguswa.

Nje kulipoanza kupambazuka, Mjomba Amoako, mkuu wa ukoo, akaagiza zawadi za safari zitolewe. Watoto wakajongea na vitu vya kuwekwa kwenye jeneza, na msemaji wa ukoo akavitangaza kimoja kimoja kwa sauti, ili wote wajue nani amempa mama nini.

"Agyenim anampa mama yake kitambaa cha hariri na pete, asikose heshima aendako."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Serwaa akaweka kitu cheupe kwenye kiganja cha msemaji, akamnong'oneza. Mzee akakigeuza, akasita, akamtazama Mjomba. Mjomba akaitikia kwa kichwa.

"Serwaa anampa mama yake swichi ya taa," msemaji akatangaza. "Anasema: Maame, uliomba ya karibu na kitanda ukaambiwa ukuta utabomoka. Hii inabandikwa tu. Zilikuwepo madukani siku zote ulizokuwa ukipapasa ukuta gizani."

Kilio kikakatika. Wanawake waliokuwa wameketi sakafuni wakainua vichwa, wakamtafuta Agyenim kwa macho.

Serwaa akaiweka swichi chini ya mkono wa kulia wa mama. Akakishika kile kidole cha baridi, akakikandamiza juu ya kitufe. Tak. Zambarau yote ikazimika.

Mwanga wa asubuhi uliingia dirishani, na uso wa Maame Pokuaa ukarudi kuwa uso wake. Agyenim alikuwa ameshatoa simu mfukoni, kidole kikitafuta mahali pa kuziwashia taa.

"Iache," alisema Mjomba Amoako. "Amezima mwenye nyumba."