Maganda Matatu ya Baba

Mume wangu Verlin alipotaka kununua mashine ya kusafishia maganda ya risasi, alinisumbua mpaka nikachoka. Mara hii ndogo haifai, mara ile haipashi maji moto, mara hii nyingine mawimbi yake ya sauti yanapenya mpaka ndani kabisa ya ganda. Sawa, huku kwetu Idaho, Marekani, wengi huokota maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza tena wenyewe msimu wa kuwinda, lakini kila kitu kina kiasi chake. Nikamwambia, "Nunua yoyote, bwana, niache nipike!"

Akanunua. Loo, kumbe ni kitu! Unatia maji, unga wa limau kidogo, tone la sabuni ya vyombo, unazamisha maganda, unawasha. Inavuma kama nzi kwenye chupa. Maji yanageuka meusi tii. Ukishasuuza na kukausha, shaba inang'aa utadhani imetoka dukani leo.

Hapo ndipo kiherehere kikanipanda, mimi, si Verlin. Mama yangu ana maganda matatu ndani ya chupa ya jamu. Ni ya bunduki walizopiga askari kwa heshima siku ya kumzika baba, aliyekuwa mwanajeshi. Waliyakunja ndani ya bendera wakamkabidhi mama. Yalikuwa yamefubaa, yana masizi mdomoni. Kila Jumapili akitoka kanisani, mama hufungua kifuniko, huinama kidogo juu ya chupa, halafu hukifunga kwa nguvu. Nilidhani anasikitika yalivyochakaa. Basi Jumamosi, alipokwenda dukani, nikayachukua kimyakimya pamoja na chupa yake, nimfurahishe.

"Una hakika?" Verlin akaniuliza. "Mama yako anajua?"

"Wewe washa tu, maswali ya nini!"

Jumapili tukaenda kula kwake. Nikaiweka chupa mezani, nimejaa tabasamu, maganda yanametameta ndani.

"Haya, mama, fungua!"

Mama akafungua. Akainama. Akatoa ganda moja, akalisogeza puani, kisha la pili, kisha la tatu.

"Limau," akasema.

"Ee, Mama!" Verlin akadakia, kifua mbele. "Hata ile harufu ya baruti imetoka yote!"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini alikuwa ameshamaliza.

"Baba yako akirudi kutoka kuwinda, shati lake lilikuwa likinuka baruti hiyo," mama akaniambia taratibu, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. "Nilikuwa nanusa tu, mwanangu. Mambo ya kizee."

Aibu ilinichoma mpaka masikioni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Yamependeza sana," akasema. "Asanteni, wanangu."

Akayarudisha yote matatu ndani ya chupa, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote, vilevile kama siku zote. Kisha akatuuliza nani anataka pai.