Buti za Kapteni Carrow

Maji ya chai ya saa kumi yalikuwa bado hayajachemka, na Wilf Hesledon alikuwa amebakiza jozi mbili tu za buti za kupiga rangi. Tangu alfajiri alikuwa ameteremsha ndoo za majivu kutoka ghorofa za juu za kasri la Wolkenau, amepandisha makaa, amemenya viazi, amefua soksi za watu wasiofua soksi. Akauegemea ukuta wa chumba cha kufulia ili apumzishe mgongo. Ukuta ukamwachia. Akapita katikati ya mawe na kuangukia upande wa pili, nje ya gereza, katika bustani ya matofaa ya mjane mmoja aitwaye Bibi Zschau, aliyekuwa juu ya ngazi akichuma.

"Umeumia?" mjane akauliza.

"Hapana, mama. Nimechoka tu."

"Nani hajachoka," akasema Bibi Zschau, akaendelea kuchuma.

Wilf alijikung'uta. Aliitazama barabara inayoteremka hadi kituo cha treni, kisha akaikumbuka birika. Akarudi kwa njia ileile, na chai haikuchelewa.

Wajerumani walikuwa wamelifanya kasri hilo gereza la maofisa wa Kiingereza waliotekwa vitani. Sheria za vita zinasema ofisa mateka hafanyi kazi, kwa hiyo maofisa waliletewa askari wa kawaida, mateka vilevile, wawapikie na kuwafulia. Wilf, mchimba makaa wa mashimo ya Durham, alikuwa mmoja wao. Maofisa walipumzika, na walipomaliza kupumzika walitoroka, au walijaribu. Walichimba mahandaki, walifuma kamba za shuka, walijivika sare za bandia, na waliporudishwa walipigiwa makofi chumba cha kulia. Askari watumishi hawakuruhusiwa kutoroka. Sheria hiyo haikuwekwa na Wajerumani. Iliwekwa na maofisa wenyewe, na hakuna aliyeona kasoro.

Basi Wilf akawa anapita ukutani kila alipochoka, yaani kila siku. Siku moja Sajini Brückner, mlinzi wa zamu, alimkuta akitokeza kwenye mawe na kitunguu kila mkono.

"Wewe, unatoka nje?"

"Nilitoka, Sajini. Sasa nimerudi."

Sajini alifikiri. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa nyumbani, na miguu ilimuuma.

"Mimi nimewekwa kulinda maofisa," alisema hatimaye. "Futa viatu. Korido imepigwa deki sasa hivi."

Maofisa nao walipopata habari hawakuwa na neno baya. Walisema supu imekuwa na ladha, na wakamwuliza kama kwa mjane hakuna mayai.

Wiki hizo aliletwa mtumishi mpya, Duggie Raine, kijana wa mtaa wa pili kutoka kwa kina Wilf. Walikaa pamoja wakimenya viazi, na Duggie akamenya vingi kabla ya kusema.

"Kaka, mzee wako mapafu yamekwisha. Vumbi la makaa limemmaliza. Wamemhamishia kitanda jikoni karibu na jiko, na kila mlango ukifunguliwa anauliza kama ni wewe."

"Atafika masika?"

"Sijui, kaka. Mimi nilimwona wakati wa baridi iliyopita, na hata wakati ule kikohozi chake kilisikika mpaka kwetu."

Wilf aliendelea kumenya. Alikuwa hajawahi kuomba kitu tangu atekwe, na jioni hiyo alikwenda kuomba. Ukuta haukuwa shida, lakini mtu hafiki mpaka wa Uswisi kwa sare ya Kiingereza. Lazima awe na koti la kiraia, ramani, dira na vibali vya bandia, na vyote hivyo vilikuwa mikononi mwa Kamati ya Kutoroka. Mwenyekiti wake alikuwa Meja Strang, mtu mpole aliyekuwa akijua jina la kila farasi wake wa nyumbani.

"Baba yako ni mgonjwa? Pole sana, Hesledon," alisema Meja. "Lakini kutoroka ni wajibu wa ofisa. Wewe hukupewa wajibu huo. Tena ukiondoka, Wajerumani watawaondoa watumishi wote. Tutaishije?"

"Sijui, afande."

"Umeona? Hata wewe hujui." Meja akawasha kiko chake. "Ila huo ukuta wako. Ukimshika mtu mkono, anapita nawe?"

"Sijajaribu, afande."

"Jaribu na Kapteni Carrow. Akishafika salama, kamati italiangalia suala lako."

Kapteni Lionel Carrow alikuwa ameshajaribu kutoroka mara nyingi kuliko mwenzake yeyote, na aliandaliwa vizuri. Alipewa kofia ya kiraia. Koti lake lilikuwa tayari, mifuko imejaa ramani na vibali. Wilf ndiye aliyelishona, kwa blanketi lake mwenyewe. Iliamuliwa koti lipelekwe baadaye, akishapita, lisije likachafuka chokaa.

Walipita mchana, Wilf mbele, Kapteni nyuma, wameshikana mikono kama watoto wa shule wanaovuka barabara. Wilf alikuwa ametoka mzima na Kapteni ametokeza kichwa, kifua na mikono, pale Bibi Zschau alipopita na kapu lake na kuwatazama. Kapteni Carrow alilelewa vizuri. Asingeweza kuonekana na bibi asiyemfahamu akiwa ameshikwa mkono na mtumishi wake, wala kumpita mwanamke bila kumvulia kofia. Akauachia mkono wa Wilf, akaivua kofia.

Ukuta ukafunga kiunoni.

"Habari za mchana, mama," akasema Kapteni.

"Nzuri," akasema Bibi Zschau. "Huyu bwana atakaa hapo?"

"Inaelekea, mama," akasema Wilf.

Walivuta, wakasukuma, wakapaka sabuni. Kapteni hakutoka wala hakurudi, na hakulalamika, kwa sababu alilelewa vizuri. Asubuhi, kwenye gwaride la kuhesabiwa, Sajini Brückner aliingia chumba cha kufulia, akaziona buti mbili zikining'inia ukutani, akaziweka katika hesabu ya waliopo. Miguu ya ofisa ilikuwa gerezani, na yeye hakulipwa kulinda vichwa.

Kazi za Wilf zikazidi. Alimpelekea Kapteni kifungua kinywa nje, akamnyoa, akamsomea gazeti kuukuu, kisha akaingia ndani kumvua buti, kumkanda miguu isife ganzi na kumbadilisha soksi. Kapteni alikuwa mfungwa wa kwanza wa Wolkenau kuona matofaa yakiiva mpaka yakaanguka, na aliyasifu sana.

Duggie hakuyasifu. "Nenda zako, kaka. Koti limetundikwa kabatini kwa Meja, halina mtu. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Wilf akarudi kwa kamati.

"Koti ni la Kapteni Carrow," alisema Meja Strang. "Utoro wake unaendelea."

"Amekwama, afande."

"Amechelewa. Hilo ni jambo jingine." Meja aliona uso wa Wilf, na akasikitika kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Hesledon, kama ingekuwa juu yangu mimi peke yangu..."

Ilikuwa juu yake yeye peke yake. Wilf akasema ndiyo afande, akaenda kuangalia jiko.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, kamati ilikutana na kukubali koti lipelekwe kwa mwenyewe, asije akapata baridi. Vibali na ramani vibaki mifukoni, walisema, kwa kuwa vifaa vya utoro havitenganishwi. Wilf akapewa koti mchana kweupe. Akapita nalo ukutani.

Nje kulikuwa kimya. Kapteni alikuwa amesinzia, kofia imemfunika macho. Wilf akalivaa koti. Lilimkaa sawasawa, kwa kuwa alipolishona alijipima mwenyewe. Ndani ya mfuko wa kifuani mlikuwa na kibali cha fundi wa Kibelgiji na nauli ya treni. Akaanza kutembea kati ya miti. Kwa mara ya kwanza tangu atekwe hakusikia uchovu wowote; alisikia furaha, na hasira nyuma yake. Alifika kwenye lango la bustani, akaweka mkono kwenye komeo.

Nyuma yake Kapteni Carrow akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, cha mtu aliyekaa nje usiku baada ya usiku bila nguo ya kutosha. Kikatulia. Kikaanza tena.

Wilf alisimama pale langoni mpaka theluji ikamfunika mabega. Chini, kituoni, treni ilipiga honi. Kisha akarudi, akalivua koti, akamvika Kapteni kwa kumzungushia mgongoni mpaka mawe yalipoanzia, na kumfunga vifungo hadi shingoni.

Kapteni akaamka. "Ah, Hesledon. Asante. Umelishona vizuri, ila bega la kushoto linabana."

"Nitalilegeza kesho, afande."

"Kuna mtu aliniambia baba yako anaumwa. Anaendeleaje?"

"Anangoja, afande."

"Vizuri, vizuri," akasema Kapteni. "Sote tunangoja."

Mzee Hesledon alikata roho mwezi uleule, kitanda kikiwa jikoni, uso ameuelekeza mlangoni. Habari zilifika Wolkenau baada ya majira kugeuka. Meja Strang alimpa Wilf mkono mbele ya maofisa wote, na kamati ikalifunga suala lake, kwa kuwa sababu ya kuliangalia haikuwepo tena.

Siku hiyo Wilf alichoka kuliko siku zote, akauegemea ukuta, nao ukamwachia kama kawaida. Alimnyoa Kapteni, akamlisha mayai ya Bibi Zschau, akarudi ndani. Birika ilikuwa imeanza kulia. Alichukua brashi na kopo la rangi, akapiga magoti, akazing'arisha buti za Kapteni Carrow, kwa kuwa asubuhi zingehesabiwa.