Maji ya Koma

Siku sita Kenga alikuwa mpishi wa hoteli Diani, na siku ya saba katekista, na kote kuwili alisifiwa kwa kutokosea. Lakini mwaka ule wa tatu wa uhuru, tangu misa ilipoanza kusomwa kwa Kiswahili, moyo wake haukutulia. Kilatini alikuwa amekikariri bila kukielewa, nacho kilimwacha alale usingizi wake. Kiswahili kilimwuliza maswali.

Pasaka alimnyima ubatizo mama yake mzazi. Bi Mbodze alikuwa amejifunza yote, ila kila asubuhi huko kwao Kinango alimwaga maji yenye unga mbele ya koma, kigingi kilichochongwa kwa ajili ya marehemu mumewe. Padre, mgeni wa mila, alimwachia Kenga uamuzi. Kenga akasema mama achague.

Sasa dadake, Kadzo, alileta habari kwamba mama yu taabani. Padre naye alikuwa Mackinnon Road hadi Jumapili. Kenga alivua aproni, akaondoka naye bila kuaga.

Alifika adhuhuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na padre?"

"Hayupo. Lakini panapo hatari, hata mimi naweza kukubatiza."

Akatoka uani, akarudi, akatoka tena. Aliogopa kumbatiza akakosea. Aliogopa zaidi kumzika hajabatizwa.

"Mama, kile kigingi kiache basi."

"Nimwache babako?"

"Si baba yule. Ni mti."

"Wewe ulishawahi kuniuliza ninasema nini pale?"

Katekista mzima, miaka kumi ya kuwauliza watu maswali ya kitabuni, na hili hakuwahi kuliuliza. Alikuwa amejijibu mwenyewe.

"Ninasema, Mulungu, huyu alikuwa mtu wako, usimsahau," mama alisema kwa shida. "Kisha ninamwambia babako awaombee watoto. Ni hayo tu. Kama ni dhambi niambie, nitaacha."

Masikio yalimwaka Kenga kwa aibu. Jumapili zote zile, padre alipofika pa kuwaombea marehemu, yeye alimtaja baba yake kimoyomoyo. Baba huyo huyo, na karibu maneno hayo hayo.

Kadzo alikuwa mlangoni na kata ya maji, yale ya koma, kwa kuwa mama hakuweza kutoka siku hiyo. Kenga aliipokea.

"Yametiwa unga?" Ukatekista ulikuwa haujamtoka: ubatizo ni kwa maji matupu.

"Bado."

Akammwagia mama kichwani mara tatu, akamwita Ana. Mama alifumba macho, akatabasamu, akayafumbua.

"Yamebaki?"

"Yamebaki, mama."

"Mpelekee babako, umwambie."

Kenga alitoka juani na ile kata. Hakuwa amesimama mbele ya kigingi kile tangu komunyo yake ya kwanza, na hakujua pa kuanzia.

"Shikamoo, baba," alisema. "Mama amebatizwa. Mimi ndiye niliyemchelewesha."