Kihariri cha Mzee Toktosun

Nurzada alikuwa na miezi mitano tu katika nyumba ya wakwe zake mjini Naryn, na bado alizungumza na baba mkwe wake kwa sauti ya chini, macho kwenye birika. Mzee Toktosun naye hakuwa msemaji. Alikuwa amepima maji ya mto kwa miaka thelathini na minne, na alipostaafu akajifunza kuandika programu ili vipimo vyake visiozee kwenye madaftari.

Asubuhi moja, akimpelekea chai, Nurzada alimkuta amepiga magoti chini ya meza, anachomoa waya wa kompyuta ukutani.

"Ata," alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao, "imeharibika?"

"Hapana. Nimemaliza kazi."

Nurzada, aliyekuwa mwandika programu mwenyewe, alielewa papo hapo. Kila mzee alipofungua faili, kompyuta ilimletea kihariri cha kizamani, programu ya kuandikia yenye skrini nyeusi isiyo na cha kubofya ili kutoka. Ndicho alichokipenda Ulanbek, mumewe, na ndicho alichomwekea baba yake kabla ya kurudi kazini Bishkek.

"Umekuwa ukichomoa tangu lini, Ata?"

"Tangu vuli. Mumeo aliniandikia maelekezo ukurasa mzima, akasahau namna ya kutoka."

"Si ungempigia simu?"

"Anicheke mpaka Jumapili?"

Nurzada akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, lakini kicheko kilishamponyoka. Hakuwahi kucheka mbele ya mzee. Mzee akamtazama, kisha naye akacheka mpaka akashika meza.

Mzee akamwachia kiti. Nurzada akachomeka waya tena, akafungua faili la mipangilio, akatafuta mstari unaotaja kihariri cha kuanza nacho, akafuta jina lililokuwepo na kuandika la kingine, chepesi, chenye maelekezo ya kutoka chini ya skrini.

"Tayari, Ata."

"Mstari mmoja tu?"

"Mmoja."

"Na mimi magoti yameniisha."

Wiki moja baadaye mzee alikohoa mlangoni pa jiko. Nurzada alikuwa anakanda unga.

"Mwanangu, ulichoniwekea ni kizuri."

"Lakini?"

"Kile cha kwanza vidole vimeshakizoea. Kufuta mstari, kuhifadhi, kuruka mpaka mwisho wa faili, vyote navijua. Nifundishe kutoka tu."

Nurzada alinawa mikono, akaurudisha mstari kama ulivyokuwa, akamwonyesha: kitufe cha Esc pembeni juu, nukta mbili, herufi q, kisha Enter. Mzee akafungua na kufunga mara nne, uso umemkunjuka. Halafu akavuta kiti cha pili.

"Kaa. Nieleze kwa nini mchoro wangu wa mafuriko unatoka kichwa chini."

Walikuwa bado hapo, unga umeshaumuka hadi umefurika bakuli, Ulanbek alipopiga simu ya baba yake.

"Mbona Nurzada hapokei simu yake?"

"Tuna kazi," mzee akasema. "Piga baadaye."