Kapu Lililoatamia Kunde

Ka!

Sauti ilitoka jikoni, kavu na fupi. Justina akafumbua macho gizani. Kulikuwa hakujapambazuka, na upepo wa Juni ulipenya chini ya mlango kama mgeni asiyejua hodi. Akatega sikio. Ka! tena, halafu kikohozi cha mwanawe Generoza, kile cha kuvuta pumzi kwa taabu. Ukuni gani unapasuliwa huko? Jikoni hakukubaki hata kijiti, na mzigo wa mwisho ulikuwa humu humu, chini ya kitanda chake.

Akajitanda kanga, akatoka.

Mama mkwe wake, Mektilda, alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, panga mkononi, na mjukuu kajikunyata ubavuni mwake ndani ya blanketi. Kwenye majivu uliwaka mguu wa kigoda. Kigoda cha marehemu mume wa Mektilda, ambacho tangu msiba hakuna aliyethubutu kukikalia.

"Shikamoo, mayu," Justina aliamkia, kama wakwe wa Kisukuma wanavyowaita mama zao.

"Marahaba. Wala usinitazame hivyo. Mtoto kabanwa kifua. Mwenye kigoda angekuwepo, angekipasua mwenyewe."

Tangu watu wahamishiwe pamoja hapa Samuye, vichaka vya karibu vilikuwa vimekwisha. Kuni zilifuatwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, safari ya kulala njiani, na Nkwabi, mume wa Justina, alikuwa mbali, kwenye machimbo ya Geita. Mpaka arudi, walikuwa na ule mzigo tu. Muuguzi wa zahanati alishasema mtoto asipigwe na baridi ya alfajiri, lakini kila siku kuni za siku hiyo ziliishia mchana chini ya sufuria ya kunde, na alfajiri ikakuta majivu.

Mchana huo Justina akaamua kujaribu jambo alilojifunza kwa Mwalimu Philomena, kwenye darasa la jioni la watu wazima. Akachukua kapu kubwa la ukindu, akalishindilia pamba fifi, ile chafu iliyokataliwa na wanunuzi. Kunde alizoloweka zilipochemka sawasawa, akaipua sufuria, akaizamisha katikati ya pamba, akafunika na gunia juu. Kisha akazitoa kuni mafigani, akazifukia mchangani zizimike.

Mektilda akaangua kicheko. "Gete, kweli kabisa! Kumbe darasani mnafundishwa kuatamisha kunde? Haya, tungoje vifaranga."

"Zitaiva zenyewe kwa joto lililofungiwa humo, mayu. Kuni hizi ziwe za alfajiri."

Kicheko kikakatika. Bibi aliyatazama mafiga yasiyo na moto. "Mji huu moto ulizimwa siku moja tu, siku aliyofariki baba yenu. Leo unanizimia mimi nikiwa mzima?"

Neno lile lilimchoma Justina. Akachukua ndoo, akaenda kisimani. Aliporudi alikuta gunia limesogezwa, pamba imetapakaa chini, sufuria vuguvugu. Mektilda alikuwa anatafuna.

"Mbichi," akasema, wala hakusema kwa furaha.

Ikabidi moto ukokwe upya. Kunde zikala kuni zote zilizookolewa, na alfajiri iliyofuata, Generoza alipoanza kuhema, kigoda kikapoteza mguu wa pili. Na wa tatu.

Asubuhi Justina alikaa kizingitini, mtoto kifuani. Alitamani kulitupa lile kapu. Kisha akauliza polepole, "Mayu, jana ulifunua mara ngapi?"

"Nilichungulia tu. Mpishi asiyechungulia ni mpishi huyo?"

"Na kuku wako akiatamia, huwa unamnyanyua kila mara uone mayai?"

"Kuku ni kuku," Mektilda akanung'unika, akaingia zake ndani.

Lakini mchana, Justina alipomaliza kufunga kapu, bibi alikuja akaketi chini kando yake. Generoza aliponyoosha mkono kuvuta gunia, alipigwa kikofi chepesi. "Wee! Mwache kuku aatamie mayai yake!"

Jua likazama. Watatu hao walikaa mbele ya mafiga baridi, kuni zilizobaki zimeegemezwa ukutani. Kama kunde ni mbichi, kuni zile zitarudi chini ya sufuria, na alfajiri haitakuwa na kitu isipokuwa kikalio cha kile kigoda. Mektilda alikipakata mapajani, kidole gumba kikizunguka pale palipolainishwa na miaka ya kukaliwa na mumewe.

"Fungua," akasema.

"Fungua wewe, mayu."

Bibi akaondoa gunia, akapekua pamba, akainua kifuniko. Mvuke ukampanda usoni. Akachota kidogo kwa upawa, akapuliza, akapuliza tena, lakini hakuonja, aliogopa. Akaokota kunde moja iliyopoa, akamtilia mjukuu mdomoni.

Nje upepo ulikuwa umeanza. Generoza alitafuna taratibu, macho kwa bibi yake, kisha kwa mama yake, akameza.

"Imeiva, bibi."