Uzito wa Maneno ya Mshonaji

Kila kikao cha ushauri kilipokwisha, mfagizi aliingia na ufagio, kizoleo na mizani ya jikoni. Alisogeza kiti cha mgonjwa, akafagia maneno yaliyodondoka, akayapima, akaandika uzito ubaoni. Maneno ya kawaida yalikuwa mepesi kama pumba. Ya msiba yalikuwa kama kokoto, na ukiyaokota vibaya yalikukata vidole. Mgonjwa ambaye maneno yake yalishuka chini ya robo kilo kwa majuma matatu mfululizo alipewa cheti cha kupona.

Mshonaji alianza na kilo mbili na nusu. Kiwanda cha sare ndicho kilichomleta na kumlipia, baada ya dada yake kufa kwa moto mbele ya mlango wa nyuma, uliofungwa kwa kufuli ili wafanyakazi wasitoke na vitambaa. Bila cheti asingerudishwa kazini, na watoto wawili wa marehemu sasa walikuwa wakila kwake. Juma la kwanza mfagizi alijaza kizoleo mara mbili: mlango, kufuli, moshi, mlango, dada, mlango.

Kufikia juma la sita, uzito ulikuwa gramu mia mbili. Sakafuni palikuwa na usingizi, nashukuru, hali ya hewa, na sawa nyingi zilizopeperuka feni ilipowashwa.

"Mama, unaona?" mshauri alisema kwa furaha. "Huyu dada anapona mpaka raha."

"Anapona, daktari," mfagizi alijibu, ingawa mshauri alishamwambia mara kibao kwamba yeye si daktari.

Siku hiyohiyo ndoo ya taka ya choo cha wagonjwa ilimshinda kuinua. Alipoifunua, aliyakuta maneno ya mshonaji ya juma la kwanza yaleyale, bado yana mate.

Juma lililofuata alimvizia mshonaji mle chooni, kando ya ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, kumbe unayatema humu kwanza?"

Mshonaji alijifuta mdomo kwa leso. "Nikiyatema mbele yake, sipati cheti. Na lile kufuli bado lipo. Niseme mara ngapi? Usiyapime, nakuomba. Wale watoto hawali maneno."

Mfagizi aliinamisha kichwa palepale, mkono juu ya mfuniko wa ndoo, akamwomba Mungu amwonyeshe la kufanya. Hakuona kitu ila ndoo. Basi akamwendea mshauri, akamweleza yote, akitumaini kwamba mtu aliyesoma angekwenda kuwaambia wenye kiwanda wafungue ule mlango.

Mshauri alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Ya chooni hayahesabiwi, mama. Kanuni inasema kikaoni. Na kufuli si ugonjwa, mimi sina dawa yake."

Juma la nane akatia saini cheti.

Kwa mkataba, maneno ya mgonjwa aliyepona hurudishwa kwa aliyelipia matibabu. Ijumaa asubuhi mfagizi na mshonaji waliyabeba pamoja, ya kikaoni na ya chooni, kila mmoja ameshika pembe ya gunia, wakipumzika kila kona. Kiwandani msimamizi alisoma cheti, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Karibu tena. Kaa kwenye ile cherehani ya dada yako, haina mtu."

Mshonaji akakaa.

"Na haya?" mfagizi aliuliza.

"Yapeleke kule nyuma, mama, pamoja na mengine."

Kule nyuma, maneno ya waliopona kabla yake yalikuwa yamerundikwa kwenye mlango, kutoka sakafuni mpaka juu ya kufuli. Hata ufunguo ungeletwa, mlango usingefunguka. Mfagizi alisimama kitambo, midomo ikicheza kwa sala. Kisha akamwaga gunia juu ya lundo, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kumwaga.

Neno moja likabingirika hadi katikati ya njia. Msimamizi, aliyekuwa amemfuata, alimwomba aliondoe upesi, asije mtu akajikwaa, akaumia.